Fundi Mizani na Gurudumu la Kasino

Mtaani walimwita Gramu, na hakuna aliyekumbuka tena ni nani aliyeanza. Alikuwa fundi wa mizani. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja kati ya duka la vioo na muuza vipuri vya baiskeli, na ndani yake zilijaa mizani za kila aina: za sahani mbili, za kuning'iniza, za kuweka juu ya meza, na moja kubwa ya kupimia magunia ambayo mwenyewe hakurudi kuichukua. Kwa miaka ishirini na sita watu walimletea mizani zilizoharibika, na nyingine zilizoharibiwa, na tofauti ya hizo mbili aliijua kabla hajashika bisibisi.

Ni kazi inayomharibu mtu. Gramu alikwisha kuona sumaku iliyogandishwa chini ya sahani, springi iliyovutwa makusudi, jiwe la kilo lililotobolewa tumbo na kuzibwa kwa nta. Kwa hiyo hakumwamini yeyote. Akinunua soda aliinua chupa kwenye mwanga. Akisalimiwa na mtu asiyemjua alijiuliza huyu anataka nini. Mkewe, muuza nafaka sokoni, alipenda kuwasimulia wenzake kwamba siku za uchumba Gramu alimhoji kuliko polisi, na kwamba hata leo akimpa zawadi mumewe huitikisa kwanza asikilize. Wenzake walicheka, na Gramu hakuona cha kuchekesha.

Sasa shemeji yake, mdogo wa mkewe, alikuwa amefanya kazi kiwanda cha sabuni kwa miaka kumi na mmoja mpaka kiwanda kikafungwa. Akapewa mafao yake. Dada yake hakulala. Siku ya tatu alishamtafutia mashine ya kusaga nafaka, iliyotumika lakini nzima, na mwenye mashine alikubali kusubiri mpaka mwisho wa mwezi. Mafao yalitosha kununua mashine. Hayakutosha kulipia chumba cha kuiweka wala kuvuta umeme. Hapo katikati ndipo shemeji alipopata wazo lake, na akaja nalo karakana, kiti akakivuta mwenyewe bila kukaribishwa.

"Shemeji, nisikilize mpaka mwisho ndipo unifukuze," alisema, na kutoa simu. "Hii ni kasino."

"Toka."

"Nimesema mpaka mwisho! Si ile ya mashine. Mashine najua inaibia watu, imepangwa huko huko ndani. Hii ni mubashara. Kuna binti kabisa, mtu mwenye damu na nyama, amesimama pale anazungusha gurudumu kwa mkono wake. Mpira unauona. Unaangukia namba, unauona. Nani atakuibia mbele ya macho yako?"

"Wote walioniibia waliniibia mbele ya macho yangu," alisema Gramu. "Na wewe wanakupa nini ukimleta mtu?"

Shemeji aliapa kwa mama yake kwamba hapati hata senti. Gramu akamtazama masikio, maana aliamini mtu akidanganya masikio hubadilika rangi. Yalikuwa ya kawaida.

Ugomvi wa dada mtu na mdogo wake ulidumu siku mbili. Mwishowe walikubaliana neno moja, na ndilo lililoleta yote. Gramu atapima. Akisema ni chafu, shemeji atanunua mashine kesho yake na habari ya kasino haitatajwa tena nyumbani. Akisema ni safi, shemeji ataweka pesa, na akipata cha juu atakitumia kwa chumba na umeme.

"Piga ua, neno lako ndilo la mwisho," shemeji alimwambia. "Mtu asiyeamini hata kivuli chake akisema kitu ni safi, mimi ni nani nibishe?"

Hicho kilikuwa kilemba cha ukoka, na Gramu alikivaa. Mkewe naye aliridhika. Alijua mumewe hajawahi kukisifia kitu chochote tangu wafunge ndoa, na akaihesabu ile mashine kuwa imeshanunuliwa.

Basi kazi ikaanza. Kila siku mchana, saa ya kula, Gramu aliegemeza simu ya shemeji kwenye jiwe la kilo tano, akafungua daftari la mistari, akavaa miwani. Shemeji alikuwa ameweka kiasi kidogo sana cha pesa ili mlango wa mchezo ufunguke, na hakikuguswa. Gurudumu lilikuwa na namba thelathini na sita pamoja na sifuri, jumla vishimo thelathini na saba. Gramu akapiga mistari thelathini na saba.

Jambo la kwanza aliloshuku ni kwamba ile ni video ya zamani. Akamwagiza shemeji aandike pale pa kuandikia: dada, hebu shika sikio lako la kushoto. Yule mchezeshaji, msichana mwenye kizibao cheusi, alisoma, akacheka, akashika sikio. "Nimeshika, mteja wetu. Na la kulia je?" Gramu aliona haya kama kijana, akaangalia pembeni. Lakini hakutosheka, na kesho yake akamuuliza saa. Msichana alitaja saa ileile iliyokuwa ukutani kwa Gramu.

Jambo la pili, mpira. Huenda una chuma ndani na chini ya gurudumu kuna sumaku. Yeye hilo alilijua vizuri. Lakini mpira wenye sumaku unapokaribia pake hukata mwendo ghafla, na huu ulirukaruka ovyo kabla ya kutulia. Jambo la tatu, gurudumu kulala upande. Mizani iliyolala upande huipendelea kona moja, na kila fundi anajua dawa yake: unaweka jiwe lilelile kona zote nne, mara nyingi, bila kuchoka, kisha unaandika. Gramu akaandika. Namba saba, mstari. Namba ishirini na tisa, mstari. Chai ilipoa pembeni. Wateja walikuja wakasubiri, na mmoja akaondoka na mizani yake akinung'unika kwamba fundi sasa anacheza kamari mchana kweupe.

Alishuku hata mikono. Aliona kwamba kila zamu inapobadilika, mchezeshaji anayetoka hugeuza viganja juu na chini mbele ya kamera, kuonyesha havijabeba kitu. Ilimpendeza kwanza. Kisha akafikiri: huyu anamwonyesha nani? Hanionyeshi mimi. Anamwonyesha tajiri wake kwamba hakuiba vya mezani. Akaiandika hiyo pia ukurasa wa nyuma, akiwa na uhakika kwamba uovu uko karibu na kwamba atauvua tu.

Hakuuvua. Wiki tatu zikapita, na mizunguko ikafika elfu moja mia moja na kumi. Kila namba ilitakiwa itoke kama mara thelathini. Iliyotoka kidogo ilitoka ishirini na mbili, iliyotoka sana thelathini na tisa, na nyingine zote zilitapakaa katikati bila mpango, hazikupendelea upande wowote wa gurudumu. Gramu alihesabu upya. Akahesabu kinyume. Akampa muuza vipuri ahesabu. Jibu lilikuwa lilelile, na lilimuuma kidogo, kwa kuwa alikuwa ameuandaa moyo kwa ushindi wa namna nyingine.

Lakini alikuwa mtu wa haki, na mizani nzima hakuwahi kuiita mbovu. Shemeji alipokuja saa nane mchana, Gramu alifunga daftari.

"Safi," alisema.

Shemeji alimkodolea macho. "Umesema?"

"Nimesema safi. Nimelipima kona zote. Haliibi."

Shemeji alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akamshukuru kama aliyepewa kazi, akachukua simu akaenda zake. Gramu alirudi kwenye mizani ya muuza samaki. Kusema kweli alijiona mkubwa; ni mara ngapi mtu hupata kitu kisicho na hila, tena yeye?

Mkewe alirudi kutoka sokoni jioni jua likiwa bado juu ya mapaa, akatua mfuko wa maharage mezani, na kuuliza kabla hajavua viatu.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia. Ni safi."

Alidhani mzaha. Alipoona si mzaha, alikaa.

"Baba watoto, safi vipi?"

Gramu akafungua daftari, akamweleza sikio, saa, sumaku, kona nne, ishirini na mbili na thelathini na tisa. Alieleza vizuri, kwa raha. Mkewe alisikiliza mpaka akamaliza.

"Mizani yangu ya sokoni nani anaitengeneza?"

"Si mimi?"

"Inaiba?"

"Haiibi hata punje. Unanitukana sasa."

"Haiibi. Na kila siku narudi na faida, watoto wamesoma kwa faida hiyo. Sasa niambie, mimi nakula wapi?"

"Kwenye bei, mama watoto. Unanunua kwa bei moja, unauza kwa nyingine."

"Haya. Hao wenye gurudumu wanamlipa yule msichana, wanalipa umeme, wanalipa matangazo mpaka kwenye ukuta wa shule. Gurudumu lao haliibi. Wanakula wapi?"

Gramu alilitazama daftari lake. Kwa wiki tatu alikuwa ameangalia mpira, mikono, sikio na saa. Bei hakuiangalia. Bei haikuwa kazi ya fundi. Fundi huletewa mizani, hapelekwi sokoni. Alijua ukiotea namba unarudishiwa yako pamoja na thelathini na tano juu yake, ilikuwa imeandikwa wazi kwenye kioo cha simu kila siku, wala hakuna aliyemficha, na kwa sababu haikufichwa hakuijali.

Akauvuta mfuko wa mkewe. Akahesabu maharage thelathini na saba juu ya meza, moja kwa kila kishimo.

"Tuseme naweka kwenye namba zote," alisema polepole. "Lazima moja ishinde. Natoa thelathini na saba." Akayasukuma upande wa mkewe. "Narudishiwa yangu moja, na thelathini na tano. Thelathini na sita."

Mkewe akamrudishia thelathini na sita. Harage moja likabaki upande wake. Gramu akaongeza moja kutoka mfukoni mwa maharage, akayasukuma tena, likabaki jingine. Hakukuwa na haja ya kuendelea, lakini Gramu aliendelea mpaka upande wa mkewe kukawa na kiganja kizima cha maharage, na hakuna mtu aliyekuwa ameiba.

"Mpigie," alisema mkewe.

Simu ililia haikupokelewa. Akapiga tena. Kisha akatoka na kandambili za ndani, akavuka nyumba tatu mpaka chumba alichopanga shemeji, njiani akisalimiwa asiitikie. Alijipa matumaini kwamba labda mtandao umesumbua, labda shemeji amekwenda kwanza kunyoa nywele kama kawaida yake akifurahi.

Shemeji alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, simu ikiwa kwenye chaji, waya umevutika mpaka kwenye goti. Kioo kilikuwa kimezimwa. Gramu alimtazama usoni na hakuuliza kiasi gani. Aliuliza kilichobaki.

"Nauli," alisema shemeji. "Mwanzoni nilipata, shemeji. Nilipata vizuri tu. Nikasema niongeze kidogo ya umeme. Halafu ikaanza kushuka, nikawa natafuta kuirudisha."

Gramu akakaa chini sakafuni. "Nilikosea. Nilipima vibaya."

"Hapana," alisema shemeji, na sauti yake ilikuwa ya upole, hata akamwekea mkono begani. "Usijilaumu. Ulipima vizuri. Na mimi nimeangalia kila mpira, sijapepesa jicho. Hakuna aliyeniibia. Ingekuwa si neno lako nisingecheza hata senti, kwa hiyo angalau najua imekwenda kwa haki."

Alikuwa anamfariji, na hakuna tusi ambalo lingemchoma Gramu kama hilo. Miaka ishirini na sita alikuwa akiwakamata wezi kwa kufungua skrubu nne, na sasa alitamani kwa moyo wake wote kuwe na mwizi mmoja tu mahali fulani, mtu mwenye jina na uso, ambaye angeweza kumshika shati na kumpeleka kituoni. Alimpitisha akilini msichana wa kizibao cheusi, lakini yeye alikuwa ameshika sikio alipoombwa. Aliyebaki kumshika shati alikuwa yeye mwenyewe.

Nje nyayo zilikuja mbio zikakoma mlangoni. Dada mtu akapiga hodi. Akapiga mara ya pili, akaita jina la mdogo wake, kisha la mumewe. Wanaume wawili walitazamana, kila mmoja akimsubiri mwenzake aitikie.