Teke Lililotangulia

Nilipokuwa mtoto kule Muheto, msichana wa miaka minane, nilitoa ushahidi wangu wa kwanza, nao ulikuwa wa kweli. Ndiyo maana unanisumbua hadi leo.

Baba yangu mdogo, Papa Bahati, alipigwa teke la paji la uso na ng'ombe aliyekuwa akimkamua. Nilikuwepo, nimeshika kamba ya ndama. Alilala bila fahamu siku mbili. Siku ya pili mke wake, Mama Furaha, akaenda kukamua mwenyewe, jambo ambalo kwetu wafugaji mwanamke halifanyi. Koko, nyanya yetu, akamkuta.

“Acha! Mwanamuke akikamua ngombe, bwana yake atapoteza akili.”

“Na mutoto atakunywa nini, Mama? Maneno?”

Siku ya tatu Papa Bahati aliamka, akala, akatembea. Tukasema amepona. Kisha mtu yule mpole, aliyevua kofia hata mbele ya wanunuzi wa maziwa, akaanza kucheka matangani. Kanisani, katikati ya misa, alipaza sauti: “Padri, fupisha, njaa iko inatuuma!” Alimpa mpita njia ndama bure. Alimpiga mkewe, na punde si punde akamwomba chai kana kwamba hakuna lililotokea.

Ukoo ulikutana. Koko akaniita katikati.

“Uliona mama yako mudogo anakamua?”

“Ndiyo, Koko.”

Nilitaka kuongeza habari ya teke, nikaambiwa nikakae. Mama Furaha alirudishwa kwao Kibabi. Mtoto wake akabaki kwetu.

Miaka mingi baadaye, nikiwa wakili, nilisoma katika faili moja maelezo ya daktari: jeraha la sehemu ya mbele ya ubongo, iliyo nyuma ya paji la uso, laweza kumwachia mtu nguvu na kumbukumbu zake, lakini likamnyang'anya haya, subira na uwezo wa kupima matokeo ya matendo yake. Siwezi kuapa kwamba ndilo lililompata Papa Bahati. Hakupimwa, na amekwisha kufa. Ninachoweza kuapa ni mfuatano: teke lilitangulia. Lisingekuwepo, Mama Furaha asingekamua.

Nilikwenda Kibabi kumweleza. Alinisikiliza huku akichambua maharage.

“Mimi nilijua tangu siku ile,” akasema. “Mutoto wangu njo hajui. Uende umuambie yeye.”

Mtoto huyo sasa ni baba wa watu, na bado anaishi Muheto. Nilifika kwake kesho yake, akanipa kiti na maziwa, akaanza kunieleza habari za ng'ombe. Safari hii sikungoja kuulizwa.