Picha ya Yustina

Mwanangu, sasa nawe unapoanza udaktari, nakumbuka asubuhi moja ya Juni, baridi ya Sumbawanga imebana hadi vidole vinakataa kushika kalamu. Nilikuwa daktari mgeni hospitalini pale, nimetoka Mbeya na simu mpya na kiburi kipya. Akaingia Yustina, mkulima wa ulezi kutoka kijiji cha Pito. Alifunga mlango mwenyewe, akausukuma kuhakikisha, ndipo akafungua kanga. Titi lilikuwa limeoza. Miaka miwili alikuwa amelificha hata kwa mumewe.

"Daktari, usimwambie mtu."

"Usiwe na wasiwasi, mama."

Nikampiga picha, nikamwambia ni ya faili. Mwanangu, nilidanganya. Jioni niliituma kwenye kundi la WhatsApp la madaktari niliosoma nao, nikaandika: "Mama wa Pito. Mmewahi kuona kidonda kama hiki?" Uso sikuuonyesha, nikadhani inatosha. Lakini shingoni ilionekana rozari yake, msalaba umefungwa kwa uzi mwekundu, na Pito nzima waliijua. Neno likitoka halirudi, sembuse picha! Siku ya tatu ilikuwa kwenye simu za watu wa mtaa wa Chanji, mjini. Ya nne ikamfikia mumewe.

Yustina alikuwa na rufaa ya kwenda kufanyiwa upasuaji. Hakwenda. Nilimfuata nyumbani, nikabisha hodi mpaka nikaona haya. Alikuwemo, nilisikia akikohoa. Alifia humo ndani kabla ya mvua za kwanza.

Mganga mfawidhi, mzee aliyekuwa mkuu wetu pale hospitali, aliniita.

"Ulimwomba ruhusa?"

"Uso haukuonekana, mzee."

"Sijakuuliza habari za uso."

Leseni yangu ikasimamishwa, ndugu wakafungua kesi. Nilistahili. Ila kilichonivunja ni lile la mazishini, nilipomwamkia mama yake shikamoo. Hakuitikia. Alinitazama tu, akasema, "Alikuonyesha wewe peke yako."

Na wanawake wa upande ule, kwa muda mrefu, hawakuleta tena matiti yao kupimwa. Sijui ni wangapi waliozikwa na uvimbe wao.

Mwanangu, siri ya mgonjwa si yako kuigawa, hata kwa madaktari wenzako, hata ukifunika uso. Picha ni kwa idhini yake, kwa matibabu yake, basi. Ukikwama, mpigie bingwa mmoja, usitaje jina wala kijiji. Sheria itakushika ukikosea, lakini sheria haifufui mtu. Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu nimezeeka naye.

Mungu aitie baraka mikono yako, na anayekuamini asijutie kamwe kukufahamu.