Mguu Ulionikatalia Njiani

Mguu wangu wa kushoto haujawahi kunitii. Wa kulia ni mstaarabu, nikiuambia twende unakwenda. Wa kushoto ni mbishi tangu ujana wangu. Katikati ya mbio, bila hata hodi, unyayo unakaza, vidole vinajikunja kama vya kuku aliyechinjwa, na hapo hata mtoto anayejifunza kutembea ananipita.

Tulikaa Kampala, juu ya barabara inayoteremka kwenda Port Bell, enzi za utawala wa jeshi. Nilikuwa msichana mkubwa, nimemaliza shule, na nilitaka kuwa mkimbiaji. Chumvi ilikuwa imeadimika madukani, na wajuaji wote wa mtaa walisema ndiyo iliyokuwa ikiniharibia mguu. Jirani yetu Mkongomani, aliyeuza samaki wakavu Nakivubo, alinihurumia: "Mwanangu, ni chumvi njo inakosa mu mwili." Sawa, mama, lakini chumvi yenyewe iko wapi? Ya kwetu ilifichwa ndani ya kopo la maziwa ya unga, na mama aliitia kwenye mboga kwa ncha ya kidole. Ningethubutu vipi kumwomba ya mguu?

Dawa niliyokuwa nayo ilikuwa ya baba. Alikuwa mtu wa kaskazini, askari polisi wa zamani, na baada ya kuacha uaskari alipata kazi bandarini Port Bell, ziwani, kusimamia mabehewa ya reli yanapoingizwa melini. Alinifundisha kukishika kidole gumba cha mguu na kukivuta nyuma, taratibu, mpaka msuli uachie. "Usishindane na mguu," aliniambia. "Wewe bembeleza yeye."

Kila jioni lori la kazi liliwapandisha wanaume wa bandarini kuwarudisha makwao. Mimi nililisubiri chini ya kilima, kisha nikashindana nalo mpaka njia panda ya kwetu. Lilikuwa lori kuukuu na kilima kilikuwa kikali, kwa hiyo siku nyingine nilishinda. Dereva, Muganda mmoja mcheshi, hakupenda kabisa kushindwa na mwanamke. Akiniona kwenye kioo alikanyaga mafuta, na wanaume nyuma walipiga makofi na kugonga bodi. Baba alisimama kati yao, ameshika vyuma. Mguu ukinikaza, akaniona nachechemea, aliinua mikono yake juu, akashika kidole gumba cha mkono na kukivuta nyuma, nipate kukumbuka dawa. Wenzake walicheka. Mimi nilikasirika kila mara, maana nani anapenda kufundishwa mbele za watu?

Siku waliyokuja nilikuwa uani, nafunga kamba za raba. Nilisikia mlango wa gari, kisha sauti za wanaume sebuleni, za upole mno. Mama alitoka na birika kama anayekwenda kuteka maji. Aliinama karibu yangu bila kunitazama.

"Enda kwa baba yako. Ambia yeye asikuje hapa. Apande meli, ama alale huko huko. Watu wako ndani, wanangoja yeye."

Sababu sikuijua, na siijui hadi leo. Watu wa kabila la baba walikuwa wakichukuliwa mmoja mmoja na kupotea, nasi tulijidanganya kwamba mtu wa mabehewa hakuna atakayemkumbuka. Mmoja wa wale wanaume wa sebuleni alitokea mlangoni, amevaa miwani myeusi.

"Huyu anaenda wapi?"

"Huyu?" mama akasema. "Huyu kazi yake kukimbia tu, kila jioni. Kupika hajui."

Yule mtu akacheka, nami nikapita mbele yake.

Niliteremka kilima kama sijawahi kuteremka. Hesabu yangu ilikuwa fupi. Chini kulikuwa na kambi ya jeshi kando ya barabara, na jioni bendera iliposhushwa na tarumbeta kupigwa, kila kiumbe karibu na lango kilisimama palepale: magari, waendao kwa miguu, mpaka mbwa walikuwa wameshajifunza. Nilishamwona muuza mkaa akichapwa kwa sababu baiskeli yake ilisogea yenyewe. Lori la kina baba hupita hapo baada ya bendera. Nikipita lango kabla ya tarumbeta, nitalikuta bandarini.

Kwenye nyumba ya mwisho kabla ya kambi, unyayo ukakaza.

Niliutukana. Nilikaa chini katikati ya vumbi, nikavua raba, nikavuta kidole, lakini sikuubembeleza. Niliuvuta kwa hasira na kwa hofu, nao ukazidi kukaza. Nikavaa, nikachechemea kwa kisigino. Nilikuwa nimefika mbele ya lango hasa tarumbeta ilipolia.

Nikasimama. Na upande wa pili wa barabara, likielekea kwetu, lori lilikuwa limesimama pia. Siku hiyo lilikuwa limewahi.

Baba alikuwa nyuma, wima, mikono ubavuni kama askari aliyekuwa zamani. Kati yetu palikuwa na upana wa barabara tu. Ningeweza kumwita kwa sauti ya kawaida, naye angenisikia. Lakini askari wa lango alikuwa ananitazama mimi, kwa sababu nilisimama kiupande, mguu mmoja unatetemeka, uso umenikunjamana kama ninayeidhihaki bendera. Machozi yalinitoka. Nikamkodolea baba macho, nikamwambia kwa macho yale kila kitu: usiende, shuka, wamekuja. Baba akanitazama, akautazama mguu wangu, akatabasamu.

Sijui bendera ile ilishushwa kwa kamba gani. Ilikuja chini polepole sana.

Tarumbeta ilipokoma lori likanguruma. Nikapiga kelele, "Baba, shuka! Baba, shuka!" Zaidi ya hapo sikuthubutu, askari wamesimama palepale. Wanaume wakaanza kupiga makofi na kugonga bodi. Dereva akatoa kichwa dirishani, amefurahi kweli.

"Leo balabala ni yangu, nyabo!"

Akakanyaga mafuta. Nikakimbia. Nilikimbia kwa kisigino, kwa ubavu wa mguu, nikipunga mikono yote miwili, na kadiri nilivyopunga ndivyo walivyozidi kushangilia. Nikaanguka, nikainuka. Lori lilikuwa limeshafika nusu ya kilima. Baba alikuwa ameinua mikono juu ya vichwa vya wenzake, ameshika kidole gumba chake, anakivuta nyuma.

Nilipofika nyumbani gari lao lilikuwa limeondoka. Mama alikuwa amekaa kizingitini na lile birika mapajani. Kopo la chakula la baba, alilokwenda nalo kazini asubuhi, lilikuwa juu ya ngazi, limewekwa vizuri, mfuniko umefungwa. Mama aliutazama mguu wangu. Tulimtafuta kanisani Lubaga kwa padri aliyemjua, tukamtafuta kwa askari aliofanya nao kazi, nao waliacha kutusalimia. Hatukuonyeshwa hata kaburi. Dereva aliendelea kupita na lori lake jioni, na akifika njia panda yetu alipunguza mwendo kabisa, kama aliyebeba mgonjwa. Sikumchukia. Nilitamani kumchukia, ningekuwa na pa kuiweka hasira yangu.

Watu huniambia haikuwa kosa langu. Najua haikuwa kosa langu! Ilikuwa mguu, na bendera, na lori kuukuu ambalo siku hiyo moja lilipanda kilima bila kukohoa.

Sikimbii tena, ila mguu haujaacha tabia yake. Unanishika nikiwa jikoni, au kanisani watu wakipiga magoti. Mjukuu wangu huniuliza kwa nini nakaa tu nauma meno wakati mimi ndiye niliyemfundisha dawa. Kuvuta kidole najua, namwambia. Lakini nikikivuta, mguu utaachia, na mimi nitakuwa nimefanya alichoniambia baba, wakati nimeshachelewa. Basi nauacha ukaze mpaka uchoke wenyewe.