Kona Tuliyoiita Uzazini

Ilikuwa mwaka ule sukari ilipoadimika, tukanywa chai kwa tende, na asiyekuwa na tende akatafuna kiazi kitamu akashushia na chai kavu. Aliyekuwapo anaujua, hahitaji tarehe. Kitoweo chetu kilikuwa sato wa kwenye jokofu, anatoka ziwani huko kafa zamani. Unamkaanga, anatoa maji kama nguo iliyofuliwa. Kila nikimla namkumbuka perege wa mto wetu, huku bondeni nyuma ya Kibamba, mpaka tonge naliweka chini.

Perege wetu alikuwa mdogo, mweusi, dume lake lina wekundu ukingoni mwa mkia kama mwanamke aliyepaka hina. Ukimbanika kwa kuni za mkorosho, ukamtia kwenye tui na embe bichi, mume hatoki nyumbani. Wangu hakutoka mpaka alipotolewa kwa jeneza.

Tuliokuwa tunavua ni sie wanawake. Masika yakiisha, maji yakianza kutulia, tunaingia mtoni tumefunga kanga kifuani, wawili wawili tumeshika ncha za shuka kuukuu, tunakokota. Mama yangu alikuwa na sheria moja, na kofi la kuilinda: perege mwenye mashavu yaliyojaa hapikwi. Huyo ni jike, kabeba watoto mdomoni, hali chochote mpaka wawe na nguvu. Tunamtia kwenye beseni la maji, tunampeleka taratibu mpaka kwenye kona ya matete, ambako maji yanakwenda polepole na jua linayapasha. Ukimwachia katikati ya mkondo anawatema kwa hofu, wanakwenda na maji. Kona ile tukaiita Uzazini. Wanaume walitucheka: "Mnawapeleka kliniki?" Tukawajibu: "Ndiyo, na baba zao hawaonekani, kama nyie."

Sasa nenda kaitazame. Malori yalichota mchanga huko juu mpaka mto ukahama, kona ikajazwa kifusi, matete yakafa, pakawa nchi kavu. Halafu pakawa viwanja. Kimoja kakinunua mwanangu wa mwisho.

Nilifurahi kuliko yeye. Anaishi Tabata, nyumba ya kupanga, yeye na mkewe na watoto chumba na sebule. Nikasema sasa wajukuu watakuwa karibu, nitawasikia asubuhi wakigombea kikombe. Nyumba yangu imekuwa kimya mno, hata kuku wakigombana natoka nje kusikiliza.

Ndipo wakaja watu wa samaki, binti mmoja na bwana mmoja mwenye mvi, wamevaa mabuti ya mpira.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mmepoteza nini huko matopeni?"

"Tunamtafuta perege wenu."

Moyo ukaniruka. Mie nilidhani kaisha. Binti akasema yupo, ila wachache, wamebanana kwenye dimbwi chini ya daraja, na sato waliotoroka mabwawa ya kufugia wanazaa nao, mbegu yenyewe inapotea. Wao wanataka kuchora mpaka: kutoka hapa mpaka hapa ni pa samaki, hapajengwi, hapachotwi mchanga. "Pale alipo leo tutapachora," akasema, "lakini asipokuwa na pa kuzalia, tutakuwa tumemchorea kaburi. Wazee wakituonyesha alikokuwa anazaa, tutapaingiza. Kifusi tutakiondoa, maji yarudi."

Wakawa wanapita kwa wazee. Jirani yangu, mwanamke anayekumbuka nani alimnyima chumvi mwaka aliovunja ungo, siku hiyo akasema kichwa chake kimejaa moshi. Ndiye aliyemuuzia mwanangu kiwanja. Wengine wamehama, wengine tumewazika. Nikabaki mie, na wakaniambia watakuja kunichukua Jumatatu.

Jumapili mwanangu akaja na mkewe. Alisubiri tumalize kula.

"Mama, kesho wakikuuliza, sema hukumbuki."

"Nani hakumbuki?"

"Wewe. Mtu mzima kusahau si aibu. Nani atakulaumu?"

"Mie ndiye niliyekukumbusha jina la baba mkwe wako, mbele yake."

Mkewe akacheka, akajificha kwenye mtandio. Yeye hakucheka.

"Mama, wale ni samaki. Wanangu wanalala kama mishikaki. Utachagua samaki?"

Hapo alinichoma. Nikamwambia, "Uwanja wangu huu hapa. Jenga, tubanane."

Akamtazama mkewe, mkewe akatazama sufuria. "Mkwe na mkwe uwanja mmoja, mama?"

"Kwani nang'ata?"

Mkewe akaanza kukusanya sahani. Wallahi nilitaka hata mmoja wao aseme hapana.

Nikaenda kuosha vyombo ili nisiwatazame. Nilitaka kumpa mwanangu alichoomba, sidanganyi. Kitindamimba ni kitindamimba, hata akiota mvi. Nikalijaribu lile neno peke yangu, mikono ndani ya povu: sikumbuki. Likanikwama kama mwiba. Maana nikilisema, mama yangu hajawahi kuingia mto ule. Dada zangu hawajawahi kubeba beseni, na maji yale ya vuguvugu ya kwenye matete hayajawahi kunifika magotini. Wote wamelala, hakuna wa kuwasemea ila mie. Nikarudi nimeshika mwiko unaodondosha maji.

"Mie kusema sikumbuki, sisemi. Nitakufa nakumbuka."

Akaondoka bila kuaga vizuri. Mkewe ndiye aliyenibusu mkono.

Jumatatu nikateremka na watu wa samaki. Mwanangu alikuwa kishafika, hakwenda kazini, kasimama juu ya kifusi chake kati ya vigae na kandambili zilizokatika, kashika kamba aliyopimia msingi. Yule bwana mwenye mvi alikuwa na fungu la vigingi vya mpaka, vichwa vimepakwa rangi nyekundu, anangoja kuambiwa avipigilie wapi. Binti hajamaliza hata kuniuliza, mwanangu akadakia.

"Dada, huyu mama yangu umri umekwenda. Anachanganya mambo."

Mwanangu wa kumzaa. Nikamtazama, na macho yake yalikuwa yaleyale ya utotoni, akichoka njiani anataka nimbebe. Nilitamani kumbeba. Nilitamani pia kanga yangu iloane mpaka kiunoni, na mtu aniite kutoka ng'ambo, "Lete beseni!"

Binti akanigeukia, akauliza polepole. "Bibi, unapakumbuka hapa, au hupakumbuki?"

"Sema, mama," mwanangu akasema. "Waambie tu."

"Mie kusema sikumbuki, sisemi. Nitakufa nakumbuka."