App ya mdogo wangu imeua programu yangu ya desktop

Wakuu, salamu kutoka Kamembe, Rwanda, mpakani na Kongo. Haya yamenipata mwenyewe, sijaongeza chumvi.

Siku ile tulikuwa wanne kwenye depo ya unga: mimi, mdogo wangu Aline, Maman Neema mwenye depo, na Maman Bahati, mteja wake kutoka Bukavu, ng'ambo ya mto.

Kwanza mnijue. Wazazi walipofariki niliacha shule, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa na wadogo zangu walinitegemea. Programming nilijifunza kwenye kompyuta chakavu ya parokia.

Nikamwandikia Maman Neema programu ya stock, inakaa kwenye kompyuta ya kaunta. Ikigoma, naitwa. Kazi hiyo ndiyo iliyomsomesha Aline mpaka akajua kutengeneza app.

(Ndiyo, mmeshaona inakoelekea.)

Maman Bahati aliingia amekasirika. Amevuka mpaka, kumbe unga aliofuata umeisha.

"Nimeacha batoto, nimepanga foleni kule daraja, nakuja kukuta ukuta! Ile machine yako haiwezi kuniambia nikiwa kwangu?"

Nikamjibu kwamba stock ni siri ya depo. Ndivyo wenye depo wa hapa walivyonifundisha: mteja akijua kilichobaki, anakubana bei.

"Siri gani, petit? Unaficha bunga, utakula yote wewe?"

Petit, yaani kijana mdogo, ndiyo mimi. Hata Maman Neema alicheka.

Aline akatoa simu. Alikuwa na app aliyoiandika kwa mazoezi ya shule: mteja anaona kilichobaki depo na kuagiza akiwa kwake. Maman Bahati akaishika, hakutaka kuirudisha.

Haikupita muda depo ikahamia kwenye app hiyo, na Maman Neema akaniita. "Papa, usikasirike. Ile kompyuta itoke kwenye meza, nahitaji nafasi."

Nikangoja app ianguke.

Ikaanguka kweli. Karibu na daraja simu zinanasa mtandao wa Kongo na data inakatika. App ikakwama, wateja wawili wakauziwa magunia yaleyale.

Aline akanijia. "Grand, kwako ulizuiaje hii?" Grand ni kaka mkubwa, ndivyo tunavyoita huku.

Nikamwonyesha: ndani ya programu gunia linafungwa kwanza kwa jina la mmoja, ndipo wa pili anajibiwa. Akaandika hivyo. App ikatulia, mpaka leo haijagoma.

Nami sikuitwa tena.

Funzo? Wanaosema ujuzi wa desktop umekufa wanakosea. Nilichokijua kimo ndani ya ile app. Ila hakuna anayenilipa kwa kukijua. Miaka yote nilimwandikia anayekaa kaunta, wakati mnunuzi yuko ng'ambo ya mto. Ninyi mnaoanza, ulizeni mnunuzi yuko wapi kabla ya kuchagua lugha ya kuandikia.

Siku hizi Aline ananifundisha kuandika app za simu. Naenda polepole, ila siachi. Mliovuka kutoka desktop, semeni: mlianzia wapi, na nani aliwalisha wakati huo?

Mimi ananilisha Aline. Mdogo wetu wa mwisho pia anasomeshwa na yeye. Hanidai. Lakini kazi ya mkubwa ameibeba yeye, na bado sijampokea huo mzigo.