Mcheri Uliokosa Usingizi

Mimi sikuupenda mti ule, na sitaki mtu afikiri niliupenda. Watu wakisikia kwamba nilitunza maua ya wazungu huko Kericho hunitazama kwa upole, eti nilikuwa na moyo laini. Wapi! Nilikuwa na kibanda. Kibanda ndicho nilichokipenda.

Kilikuwa nyuma ya bustani ya memsaab, mke wa bwana mwenye shamba la chai, kuta za mawe, paa la mabati, mlango wa kufungika. Wenzangu niliotoka nao ziwani kuja kuchuma chai walilala kambini, wanaume watupu wamebanana chumba kimoja, na mwenye mke alikuwa amemwacha nyumbani. Mtu wa bustani aliruhusiwa kukaa na mkewe kwa sababu memsaab alitaka kuwa na mtu karibu. Huko kwetu tulikuwa tumezika watoto wawili, wote kwa homa, wote wakiwa bado wa kubebwa mgongoni, hata jino hawajaota. Huku juu baridi huuma mifupa lakini mbu ni wachache. Mke wangu alipopata mimba ya tatu aliniambia kwamba huyu hatamzalia ziwani, na mimi sikubishana naye. Nikitolewa bustanini ingembidi arudi kwa mama yangu, maana pahali pengine hatukuwa napo. Basi kila nilichoufanyia ule mti nilikuwa nakifanyia kibanda.

Memsaab alikulia Japani, ambako baba yake alifanya kazi, na huko ndiko alikojifunza kuukalisha mti chunguni mpaka unazeeka ukiwa bado unafika magotini. Yeye aliita kazi hiyo bonsai. Sisi tuliiita kuunyima mti chakula. Mkipsigis mmoja aliyechunga ng'ombe wa bwana hakupita hapo bila kuniuliza kama watoto wangu wa kwenye mkebe wameshiba leo, na mimi nilimjibu kila mara kwamba wameshiba kuliko ng'ombe wake.

Mcheri wa kwanza, mti wa maua wa huko Japani, ulikuja kwa meli, halafu kwa reli, halafu kwa gari la ng'ombe, mizizi yake imefungwa gunia bichi. Ulikuwa mmoja tu na memsaab alitaka mingi. Tukakata vijiti tukavichomeka mchangani chini ya chupa za jemu, vikaoza. Tukachomeka vingine, vikatoa majani ya kutudanganya, halafu navyo vikaoza. Alipandikiza vikonyo juu ya miche ya pichi. Vilishika vizuri hata nikaanza kujisifu, kisha upepo ukaja ukavivunja palepale penye kiungo. Kilichokubali ni kazi ya kuchosha. Unachagua tawi likiwa bado mtini, unalivua gome upana wa kidole kulizunguka, unaliviringishia ule unyoya wa kijani unaoota kwenye mawe ya mtoni, unafunga na kipande cha gunia, na unalimwagilia kama unayemnywesha mgonjwa. Miezi inapita. Siku moja unabonyeza na unasikia ugumu wa mizizi ndani. Unakata chini yake, na hapo una mti mpya.

Baada ya hapo ni vita. Mcheri unataka kwenda juu na wewe unautaka chini. Nilizungushia matawi waya wa shaba, nikiyapinda kidogo leo na kidogo juma lijalo. Waya ukikaza sana unaacha kovu, ukilegea tawi linarudi lilikotoka kwa ukaidi. Kila baada ya muda nilitoa mti wote chunguni, nikapunguza mizizi kwa mkasi, nikaurudisha kwenye kokoto na udongo niliouchekecha mwenyewe. Mmoja kati ya hiyo niliyoizalisha niliupinda tawi lake kubwa mpaka likavuka ukingo wa chungu na kuning'inia chini yake. Memsaab aliupenda huo kuliko yote. Nilikuwa hodari, na nasema mwenyewe kwa sababu walioniona wengi wameshakufa.

Lakini maua hakuna. Memsaab alieleza kwamba kule Japani mti huu huvua majani, hulala theluji ikiwa juu yake, na huamka na maua kabla ya jani. Kericho haina theluji. Kericho ina mvua ya kila alasiri na jua la kila asubuhi, na mti hauoni sababu ya kulala. Huku jani linaanguka, kule lingine linachipua. Mwaka ukapita hivyo, na mwingine.

Bwana akachoka. Alisema, na memsaab ndiye aliyenifikishia, kwamba baridi ya mwaka huu ikiisha bila ua, vyungu vitupwe, mimi nirudi kuchuma chai, na kibanda kiwe stoo ya matandiko ya farasi. Memsaab alilisema hilo akitazama pembeni. Mke wangu wakati huo tumbo lilikuwa limeshaonekana. Niliogopa sana, nikafanya kama siogopi.

Shauri la memsaab lilikuwa tuulaze mti kwa nguvu. Tuupeleke bondeni kando ya kijito, pale ambapo hata chai huungua kwa baridi alfajiri za Julai. Tuuwekee kipaa cha mabati usinyeshewe, tuupunguzie maji, kisha tuuvue majani yote kwa mkono, udhani umefika kwao. Kuvua majani kuna namna yake. Jani unalivuta kando taratibu, na lile tumba dogo lililojificha kwapani mwa jani unaliacha lilipo. Ukiling'oa tumba umeng'oa ua.

Nikaushusha bondeni ule wenye tawi la kuning'inia, nikauweka juu ya jiwe fupi. Memsaab hakuweza kushuka. Mguu wake mmoja ulikuwa mbovu, alitembea na fimbo, na mteremko ule ulikuwa wa utelezi. Alikuwa akisimama kwenye njia ya juu na kuutazama kutoka huko. Kabla sijauvua majani nilitumwa Sotik kuchukua waya na vyungu, na memsaab akashindwa kuningoja. Akamwita mke wangu, akamnyooshea fimbo kule chini: toa majani yote.

Sasa, mke wangu alikuwa amechuma chai. Majani yalipozidi, nyapara alikuwa akikusanya hata wake za watu, na yeye alikuwa mwepesi kuliko wanaume. Mkono wa mchuma chai umefundishwa kitu kimoja: majani mawili na kichipukizi chake, kata, tupa kapuni. Haufikiri. Alishuka na kapu lake akauchuma mcheri kama mstari wa chai, juu umelala sawasawa kama meza, na kila tumba alilolifikia likaenda na majani yake.

Nilirudi nikaukuta hivyo. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika. Nilimuuliza kama anataka kwenda kuzaa kwa mama yangu, na jambo hilo lilimuuma, na nilitaka limuume. Alikaa siku nyingi bila kunisemesha, akinipa chakula na kugeuka. Wala mimi sikuomba msamaha. Mtu akikubomolea nyumba huombi msamaha kwa kupiga kelele.

Nilipotulia niliinama chini ya mti nikaona kwamba upande wa chini haukuguswa. Tumbo la mke wangu lilikuwa limemzuia kuinama. Matawi ya chini na lile la kuning'inia yalikuwa na majani yao yote. Nikayavua mwenyewe, jani moja moja, na matumba nikayaacha. Memsaab sikumwambia lolote.

Tukangoja. Baridi ikaja kweli, asubuhi nyasi za bondeni zilikuwa nyeupe na zilivunjika chini ya nyayo. Baridi ilipolegea nikauongezea maji. Mti ukaamka kutoka juu, na juu ukatoa kile ulichobakiwa nacho: majani. Bwana na memsaab wakaja njia ya juu, wakasimama, wakaona kijani kitupu kilichotandazwa kama kiraka cha chai. Nilipaza sauti kwamba chini kuna matumba yamevimba. Bwana aliniambia bila hasira kwamba ameyasikia matumba miaka mingi. Nivunje vyungu, nihame Jumatatu. Memsaab alisimama kidogo, halafu akamfuata.

Nikaanza kufunga vitu. Mke wangu akafunga vyake upande wake wa chumba. Hata hilo tulilifanya bila kuongea.

Asubuhi ya Jumatatu alishuka kuteka maji akakawia, nikaenda kumtafuta. Nilimkuta amekaa kwenye tope kando ya chungu, mtungi mtupu. Tawi la kuning'inia lilikuwa limefunguka lote. Maua meupe yenye wekundu kidogo, bila jani hata moja, kuanzia ukingoni mwa chungu mpaka nchani. Nilikuwa sijawahi kuyaona na sikujua kwamba ndivyo yalivyo. Nilisema nitakwenda kuwaita. Alisema hawatakuja. Nikasema basi nitaubeba. Akanionyesha: nikiukumbatia kifuani, tawi lile litasagika kwenye tumbo langu kabla sijafika nusu ya mteremko. Kweli ilikuwa hivyo. Sisi wanaume wa kwetu hatujui kubeba kichwani.

Akavua kitambaa, akakisokota kata, akakiweka utosini, akapiga magoti.

"Nitwike."

Nilimwambia ataanguka, amekaribia siku zake, aache upuuzi. Alingoja tu amepiga magoti. Nikakiinua chungu nikamtwika, na nikamshika mkono akasimama.

Tulipanda hivyo, yeye mbele, mimi nyuma nimenyoosha mikono kama mwehu. Kwenye mteremko ule mimi mwenyewe niliwahi kuteleza mara nyingi. Tawi lilining'inia mbele ya uso wake na alikuwa akipumua ndani ya maua. Petali chache zilianguka, si nyingi.

Walikuwa barazani wakinywa chai. Mke wangu alisimama chini ya ngazi. Memsaab aliweka kikombe akainuka bila fimbo, akashika nguzo, akashuka ngazi, akalishika lile tawi kwa vidole viwili. Bwana alisema kitu kwa Kiingereza. Memsaab alimwonyesha mke wangu ngazi, kwamba auweke hapo.

Mke wangu hakusogea. Alikuwa hajawahi kusema na mzungu kabla ya siku ile, na Kiswahili chake kilikuwa kidogo.

"Sitautua," alisema, "mpaka nijue nitalala wapi."

Nilitaka ardhi inimeze. Bwana aliutazama mti, akalitazama tumbo, akageuza kiti chake kidogo. Shingo ya mke wangu ilikuwa imeanza kutetemeka, niliiona kutoka nyuma.

"Wewe lala palepale kibandani," memsaab akamwambia. "Siku zote."

Nikamtua. Niliuweka mti ngazini na kumshika mke wangu mabegani, mbele za watu, jambo ambalo sikuwahi kulifanya, na akaniachia uzito wake wote.

Msichana wetu alizaliwa kibandani kabla maua hayajamalizika kuanguka. Alikuwa mtoto wetu wa kwanza kuota meno.