Udi Usionukia

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa nikifundisha fizikia katika shule moja ya wasichana huko Msambweni, na mwalimu mkuu alikuwa anataka kuifuta fizikia. Alinipa mpaka Jumatatu nimpelekee majina kumi ya wasichana wa kidato cha pili watakaoichagua. Nisipoyapata, wote watasoma sayansi kimu, ya upishi na ushoni. Binti yake mwenyewe alikwisha kuandikiwa huko. Mimi nilikuwa na majina manne, na hasira ya kunitosha mwezi mzima.

Tegemeo langu lilikuwa moja: kidonge cheusi, ukubwa wa kifungo cha koti, nilichoachiwa na mgeni wa hoteli moja ya Diani, mwalimu wa fizikia huko kwao. Kikipozwa sana hugeuka superkondakta. Umeme hupita ndani yake bila kizuizi hata chembe, na sumaku ukiiweka juu yake haiguswi na kitu, inaelea. Kwa kawaida sumaku na hali hiyo ni wake wenza wasiotazamana. Lakini kidonge cha aina ile huiruhusu sumaku ipenye kwa nyuzi nyembamba, kila uzi na kipimo kile kile, hakuna nusu wala robo, na nyuzi hizo ndizo zinazoishika isiteleze. Siku hizi nasoma kwamba wataalamu wanatafuta vitu ambamo wake wenza hao watakaa nyumba moja, na kwamba kwenye kingo zake huenda zikatokea hali za ajabu zisizovurugika kirahisi. Nikisoma hayo moyo hunienda mbio kama Jumatatu ile.

Sumaku niliitoa kwenye spika ya masikioni ya redio mbovu. Baridi ilikuwa kwa bwana mifugo, mtu wa bara aliyezunguka vijijini na mtungi wa naitrojeni ya maji, humo akihifadhi mbegu za fahali za kupandishia ng'ombe.

"Madam, nitakupa kikombe kimoja tu," aliniambia. "Hizi mbegu zikiharibika, wazee wa Ramisi watanimaliza."

Kidonge kile hakipendi unyevu, na kwetu pwani hata ukuta hutoa jasho. Nikakitia kwenye kikopo kikavu, nikakiweka kabatini kwa mama. Ijumaa jioni nikamkuta amenuna mbele ya chetezo.

"Ndio udi gani huu?" akasema. "Nimeutia tangu alasiri, hata harufu hauna."

Mama alikuwa akitumia udi wa kupikwa na sukari, nao huwa mweusi vilevile. Nilichungulia. Kidonge changu kilikuwa kimelala katikati ya makaa.

"Mama, hiyo ni fizikia yangu."

"Basi fizikia yako imechacha, mwanangu." Kisha akaniona uso, akakisogeza chetezo kwangu.

Tulikiacha kipoe ndani ya jivu, maana nilihofu nikikitoa ghafla kitapasuka. Asubuhi nikakifuta kwa kitambaa. Kilikuwa kizima, lakini kama bado kina kazi sikujua, na sikuwa na naitrojeni ya kujaribia.

Jumatatu, mbele ya wasichana wa kidato cha pili, bwana mifugo akamimina kikombe chake kwenye bakuli langu lenye kidonge. Ukungu mweupe ukamwagika mezani. Mwalimu mkuu alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma. Nikasubiri mchemko utulie, nikaishika sumaku kwa kibano cha plastiki, nikaiachia juu ya kidonge.

Ikaelea. Wallahi ikaelea, nikapitisha karatasi chini yake. Nikaisukuma kwa kijiti, ikazunguka hewani peke yake. Mimi nilikuwa nacheka huku machozi yananitoka, mwalimu mzima, wala sikuona haya.

Naitrojeni ikakauka. Nikawaambia kidonge sasa kitapata joto, na sumaku itashuka, basi yataisha. Hapo binti wa mwalimu mkuu akasimama, asiutazame mlango.

"Mwalimu, andika jina langu kabla haijaanguka."

Nikaandika. Wengine wakafuata, wakitaja majina yao kwa pupa, na mimi nikiyafukuza kwa kalamu, jicho moja kwenye sumaku. Nilipofika la tisa kalamu ikakauka wino. Nikaikung'uta, nikaikwaruza, wapi. Mkono ukapita begani mwangu ukaweka kalamu nyingine juu ya daftari, na mwalimu mkuu akasema, "Andika, mama, inashuka hiyo."